Kusanifu programu ya simu ya kumfundisha kupika mtu anayeanzia sifuri: tujadili kwa kina

MwikoNaMsimbo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wanaojua jiko na wanaojua kutengeneza programu za simu. Hoja ni moja: tusanifu vipi programu inayomfundisha kupika mtu ambaye hajawahi kubandika sufuria? Mwanafunzi aliyepanga chumba, kijana aliyehamia mjini kwa kazi, yeyote ambaye maisha yake yote alikuwa anapakuliwa.

Sizungumzii mkusanyiko wa mapishi. Mapishi yamejaa, na anayejua kupika yanamsaidia. Anayeanza anakwama kwa sababu pishi la kawaida ni ujumbe wa mpishi kwa mpishi mwenzake. "Kaanga kitunguu kiive, weka nyanya, kisha unga maharage yako." Hapo kuna maamuzi kama saba yamefichwa: mafuta kiasi gani, yapate moto kiasi gani, kitunguu kilichoiva kinaonekanaje, nyanya zikae hadi lini, chumvi iingie wapi.

Msimamo wangu: tufundishe dalili kwanza, dakika zifuate nyuma. Dakika zinabadilika kwa jiko, kwa sufuria, hata kwa mji. Kitunguu kilicholegea na kuanza kuangaza kinafanana Tanga na Kigoma. Kwa hiyo kila hatua kwenye hifadhidata isiwe sentensi moja tu. Iwe hivi:

Hatua: kukaanga kitunguu
Kiasi: kitunguu maji kikubwa 1 (gramu 150 hivi), mafuta vijiko 2 vya chakula
Moto: wa wastani
Dalili ya kuanza: tupia kipande kimoja, kikitoa mapovu na sauti papo hapo, mafuta yako tayari
Muda wa kukisia: dakika 5 hadi 8
Dalili ya kumaliza: vipande vimelegea, vinaangaza, kingo zimeanza udhahabu
Ikienda vibaya: kingo nyeusi na katikati kubichi, moto ni mkali. Vimetoa maji na havipati rangi, umejaza sufuria au moto ni mdogo
Kwa nini: kitunguu kina maji mengi. Maji yasipokauka, joto linabaki karibu na nyuzi 100, na rangi haiji kwenye joto hilo

Sehemu ya "kwa nini" ijifiche chini ya kitufe, afungue anayetaka. Zingine zote zionekane. Karibuni.

UpawaWaTanga

Mkuu, umeanza vizuri, ila umeruka kitu kinachowaangusha wanaoanza kabla hata moto haujawashwa: vipimo.

Ukiandika "kikombe 1" unamaanisha mililita 250. Yeye ana kikombe cha chai cha mililita 180, au bilauri ya 300, au kopo. Kijiko chake cha chakula hakina uhakika wa mililita 15. Mizani ya jikoni hana, wala usimlazimishe anunue.

Somo la kwanza kabisa la programu liwe kupima kikombe chake mwenyewe. Chupa ya maji ya nusu lita ipo kila mahali. Ajaze chupa hiyo, amimine kwenye kikombe atakachokitumia siku zote, ahesabu vimejaa vingapi. Vikijaa viwili, kikombe ni mililita 250. Vikijaa viwili na nusu, ni 200. Vikijaa viwili na robo tatu, ni 180 na ushee. Programu ihifadhi namba hiyo, na kuanzia hapo kila pishi limwambie "vikombe VYAKO 3", isimwambie mililita. Dakika mbili tu, na nusu ya malalamiko ya "nimefuata kila kitu na bado wali umekuwa bokoboko" yanakwisha.

Chumvi nayo ina mtego. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6 hivi. Chumvi ya mawe, kijiko kilekile kina uzito pungufu kwa sababu ya nafasi kati ya punje. Programu iulize anatumia ipi. Na kila pishi liseme tia nusu ya chumvi mwanzoni, onja, kisha malizia. Hatua ya kuonja iwe hatua kamili yenye namba yake. Mtu asiyejua kupika haonji kwa sababu hakuna aliyemwambia aonje.

KodiNaKitunguu

Naongezea upande wa hesabu, maana hapa watengenezaji wengi wanaharibu. Kile kitufe cha "watu 2, watu 4, watu 8" kinazidisha kila kitu kwa namba moja. Kwa unga wa chapati ni sawa. Kwa wali ni makosa.

Chukulia mchele unakunywa maji karibu sawa na ujazo wake, kikombe kwa kikombe. Maji yanayozidi hapo hayaliwi na mchele, yanapotea kwa mvuke, na yanayopotea yanategemea upana wa sufuria, mfuniko unavyokaa na muda wa kupika. Hayategemei sana wingi wa mchele. Kwa sufuria ya kawaida yenye mfuniko usiobana, nusu kikombe hadi kikombe kimoja hupotea. Kwa hiyo kikombe 1 cha mchele kinataka maji 1½ hadi 2. Vikombe 2 vinataka 2½ hadi 3. Vikombe 4 vinataka 4½ hadi 5. Programu iliyochukua "1 kwa 2" na kuzidisha itamwambia mtu aweke vikombe 8. Huo ni uji wa mchele.

Fomula basi: maji = mchele + hasara ya mvuke. Hasara iwe namba ya sufuria ya mtumiaji, ianze na robo tatu ya kikombe, irekebishwe kila anapopika. Nitarudi kwenye kurekebisha.

UpawaWaTanga

Kweli kabisa, na ndiyo maana bibi zetu walipima maji juu ya mchele kwa kidole. Kina cha maji juu ya mchele hakizidishwi na wingi wa mchele.

Muongeze mambo mawili kwenye fomula. Mchele mpya, uliovunwa karibuni, unakunywa maji kidogo kuliko mchele uliokaa ghalani, kwa hiyo programu iulize. La pili, ukipika wali wa nazi, tui ndilo maji. Kuna pishi huandika "maji vikombe 3, tui vikombe 2" bila kujumlisha, na anayeanza anatia vyote vitano kwenye mchele wa vikombe viwili. Kila kiungo kiwe na alama ya "kimiminika" kwenye hifadhidata ili jumla ihesabiwe yenyewe. Nyanya nyingi nazo zina maji.

Kwa tui lenyewe: nazi moja iliyokunwa, maji ya vuguvugu kikombe kimoja, kamua, chuja, hilo ni tui zito, weka pembeni. Rudia machicha kwa maji vikombe viwili, hilo ni jepesi. Kwenye mchuzi jepesi linatangulia, zito linaingia mwishoni kwa moto mdogo, unakoroga bila kuacha. Likichemka kwa nguvu linakatika, mafuta yanajitenga na maji. Programu itoe onyo HAPO, kwenye hatua ya kumimina tui zito. Onyo lililowekwa ukurasa wa mwanzo halikumbukwi na mtu.

MpishiWaNyanda

Mwanzisha uzi amesema muda hubadilika hata kwa mji. Watu wa pwani hilo hulisahau.

Maji yanachemka nyuzi 100 usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300, nyuzi moja inapungua, kwa kukadiria. Arusha, mita 1,400 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95. Mbeya na Nairobi, mita 1,700 hadi 1,800, ni nyuzi 94 hivi. Nyuzi sita zinaonekana ndogo, lakini kwa maharage na makande zinaongeza muda mrefu. Pishi lililopimwa Dar es Salaam likisema "saa moja na nusu", mtu wa Mbeya atakuta maharage bado yanagonga meno na ataamini amekosea.

Si lazima programu isome mahali alipo. Muulize mkoa siku ya kwanza, inatosha. Halafu kwa vyakula vya kuchemsha muda mrefu ionyeshe kipindi kirefu zaidi, na dalili iwe ndiyo mwamuzi: toa maharage matano kutoka sehemu tofauti za sufuria, bonyeza kila moja kwa kidole gumba na cha shahada. Yote matano yavunjike laini. Moja likibaki gumu katikati, endelea. Kubonyeza moja tu kunadanganya.

Na tafadhali, kwenye maharage wekeni kizuizi cha mpangilio. Nyanya na limao zina asidi, na asidi inazuia ganda na nyama ya harage kulainika. Ukitia nyanya kabla hayajaiva, unaweza kuchemsha hadi mkaa uishe. Programu isiruhusu hatua ya kuunga ifunguke kabla mtumiaji hajathibitisha jaribio la maharage matano.

Jambo la afya pia: maharage mekundu mabichi yana sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli. Yaloweke usiku, saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Chombo cha umeme cha kupika polepole kisichofikia mchemko hakifai kwa hatua hiyo.

JikoLaMkaa

Wadau, "moto wa wastani" ni nini? Mnaandika kama vile kila mtu ana kitasa cha kugeuza.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Maana yake kwa miaka kadhaa ijayo watumiaji wenu watakuwa mchanganyiko: wa mkaa, wa mtungi wa kilo 6, wa jiko la umeme, na wengi wenye viwili kwa pamoja. Maelekezo ya moto lazima yaandikwe mara tatu kwa kila hatua, programu ionyeshe yale ya jiko alilolichagua mtu.

Kwenye gesi ni rahisi: ulimi wa moto usitoke nje ya kitako cha sufuria.

Kwenye mkaa unapunguza kwa kufunga mlango wa hewa, kwa kutoa makaa, au kwa kufunika makaa kwa majivu. Na mkaa una tabia yake: unapanda, unakaa juu, unashuka. Kwa hiyo kazi ya kukaanga iwekwe wakati makaa yamekolea, na kazi ya kutokota iangukie wakati yanashuka. Wali kwenye mkaa haukauki vizuri kwa moto wa chini pekee. Maji yakikaribia kukauka, unatoa sehemu ya makaa chini na kupalia juu ya mfuniko. Programu isiyojua kupalia itamfundisha mtu kuunguza wali chini huku juu ukiwa na kiini.

Jiko la umeme la sahani linabaki na joto baada ya kuzimwa. Hapo maelekezo hayasemi "punguza moto", yanasema "ondoa sufuria jikoni".

Halafu kila kiwango cha moto kielezwe kwa chakula kinavyofanya. Moto mdogo: mapovu madogo yanapanda pembezoni tu na uso umetulia. Wa wastani: mapovu yanavunjika uso mzima lakini mfuniko hauruki. Mkali: mfuniko unacheza. Hiyo inaeleweka kwenye jiko lolote.

Anayepika kwa mkaa aambiwe pia afungue dirisha na mlango. Moshi unaoonekana si hatari pekee, hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu.

DadaSkrini

Naomba nihamie kwenye simu yenyewe. Mpishi anasimama, simu iko juu ya meza au imeegemea kopo la chai, macho yako sentimita 60 hadi 70 kutoka kwenye skrini. Kawaida simu tunaisoma kwa sentimita 30 hadi 35. Umbali umekuwa maradufu, basi na herufi ziwe maradufu: kama kawaida ni 16sp (sp ni kipimo cha ukubwa wa herufi kwenye Android), hali ya kupika iwe 28sp hadi 32sp. Hii inawalazimisha waandishi waandike hatua fupi, na ndivyo inavyotakiwa. Hatua moja, skrini moja, maneno yasizidi 25.

Mikono ina unga, mafuta au maji. Skrini yenye matone ya maji hupokea miguso isiyokuwepo na hukataa ya kweli. Kwa hiyo hakuna kutelezesha kidole, hakuna vitufe vidogo. Android inapendekeza kitufe kisiwe chini ya 48dp (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini). Jikoni fanyeni nusu nzima ya chini ya skrini iwe kitufe cha "Endelea", kiguswe hata kwa kifundo cha kidole. Kurudi nyuma kuwe juu kushoto, mbali, ili asirudi kwa bahati mbaya. Vitufe vya sauti pembeni mwa simu vinaweza kutumika kusogeza hatua, lakini iwe hiari, kwa sababu mtu anavihitaji kuongeza sauti ya king'ora. Kupunga mkono juu ya kihisio cha ukaribu kusiwe njia kuu. Simu nyingi za bei ya chini hazina kihisio halisi.

Skrini isizime. Android ina amri ya kuizuia isizime, FLAG_KEEP_SCREEN_ON, iwashwe kwenye hali ya kupika peke yake na izimwe akitoka, la sivyo mtalaumiwa kwa chaji.

Na sauti: hatua zisomwe kwa sauti ya mtu aliyerekodiwa, kwa Kiswahili cha jikoni, kwa mwendo wa taratibu. Kwa Opus (muundo wa faili la sauti lililobanwa) ya 24 kbps, dakika moja ni kB 180 tu. Masomo 20 yenye dakika nne za sauti kila moja hayafiki MB 15.

KodiNaKitunguu

Dada DadaSkrini umesema la kweli kuhusu skrini. Niseme la taima, maana taima isiyolia inaunguza chakula, na programu yenyewe inafutwa siku hiyohiyo.

Usihesabu sekunde ndani ya programu. Simu ikizima skrini au mtu akipokea simu, mfumo unaweza kuisimamisha programu na hesabu inakufa. Hifadhi SAA YA KUMALIZA kwenye hifadhidata, kisha iombe AlarmManager (sehemu ya Android inayopanga kengele) ikuamshe saa hiyo kwa setAlarmClock au setExactAndAllowWhileIdle. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa ya kupanga kengele ya saa kamili, SCHEDULE_EXACT_ALARM, na kwenye Android 14 programu mpya nyingi haziipati moja kwa moja, mtumiaji lazima aiwashe. Kuanzia Android 13 hata arifa za kawaida zinaombewa ruhusa, POST_NOTIFICATIONS. Ombeni ruhusa hizi wakati anapoanza taima yake ya kwanza, kwa sentensi inayoeleweka: "Ruhusu, ili simu ilie wali ukiwa tayari hata kama umefunga skrini." Ukiomba siku ya kusakinisha, anakataa bila kusoma. Simu ikizimika na kuwaka tena, kengele zote zimefutika, kwa hiyo sikilizeni BOOT_COMPLETED (taarifa ya mfumo kwamba simu imewaka) na kuzipanga upya.

Arifa isiseme "Muda umekwisha." Iseme "Maharage: angalia maji, yafunike kwa kidole kimoja." Jina la chakula na kitendo.

Na taima isijianzishe hatua inapofunguka. Yai linahesabiwa kuanzia maji yalipochemka. Kitufe kiandikwe "Maji yamechemka", na kubonyeza hapo ndiko kunakoanzisha hesabu.

MpishiWaNyanda

Kwenye taima kuna jambo kubwa zaidi: jiko ni moja. Programu nyingi hupanga mlo kana kwamba kuna sahani nne za moto. Chukulieni sehemu ya jiko kama rasilimali. Mtu akisema ana sehemu moja, ratiba ya wali, maharage na mchicha ianze na maharage, yaive na kuungwa, yawekwe pembeni yamefunikwa. Kisha wali. Wali ukikauka unaondolewa, unakaa na joto lake bila shida kwa dakika 20, na mchicha unapikwa mwisho, dakika 3 hadi 5. Ratiba ipangwe kurudi nyuma kutoka saa ya kula. Na mtu anayeanza asipewe kazi mbili za mikono kwa wakati mmoja. Kukata nyanya wakati kitunguu kiko motoni ndiko kunakokiunguza, kwa hiyo kukata kote kumalizike kabla moto haujawashwa.

BintiUnguja

Assalaam alaykum. Naona mnaandika "nyanya", "viazi", "pilipili hoho" kana kwamba Kiswahili cha jikoni ni kimoja. Huku kwetu Unguja ni tungule na mbatata, na kitunguu saumu ni thomu. Hilo la pilipili si la kuchukulia hivihivi: bara wakisema pilipili hoho wanakusudia ile kubwa isiyowasha, ambayo sisi twaiita pilipili boga, lakini kwenye kamusi na kwa wengine pilipili hoho ni ile inayowasha. Mwambie mwanafunzi atie hoho mbili, umemharibia chakula cha watu sita.

Bizari ndiyo zaidi. Kuna bizari nyembamba, kuna bizari ya manjano, kuna ya mchuzi iliyochanganywa. Pishi likisema "bizari kijiko kimoja" tu, halijasema kitu.

Kila kiungo kiwe na namba yake moja kwenye hifadhidata, na majina yote ya mikoa yaning'inie kwenye namba hiyo, pamoja na picha kikiwa mkononi mwa mtu ili ukubwa uonekane. Mtumiaji achague jina analolijua, na kuanzia hapo alione hilo kila mahali.

MwikoNaMsimbo

Shukrani Binti Unguja, hilo linaingia kwenye muundo moja kwa moja.

Nizungumzie picha na video, kwa sababu bando ni gharama. Kanuni ninayoipendekeza: hali ya chakula ionyeshwe kwa picha, mwendo wa mkono uonyeshwe kwa video. Rangi ya kitunguu haihitaji video. Kusonga ugali, kusukuma chapati na kushika kisu vinahitaji. Video iwe ya sekunde 6 hadi 10, inajirudia, bila sauti. Kwa 600 kbps, sekunde 10 ni kB 750. Masomo 20 yenye video tatu kila moja ni MB 45. Zisipakuliwe zote siku ya kwanza. Somo lipakuliwe zima kwa bonyezo moja, na kitufe kiandike ukubwa wake: "Pakua somo, MB 3". Baada ya hapo kila kitu kifanye kazi bila intaneti. Picha ziwe WebP, muundo wa picha wenye faili dogo.

Picha zipigwe kutoka pale macho ya mpishi yalipo, juu kidogo ya sufuria, ndani ya sufuria ya kawaida ya alumini. Picha ya chakula kilichopambwa kwenye sahani haimfundishi mtu akiwa katikati ya kupika. Na zipigwe tatu kwa kila dalili: bado, tayari, imepitiliza. Hiyo ya tatu watu huisahau, na ndiyo inayomwokoa mwanafunzi.

UpawaWaTanga

Mpangilio wa masomo basi. Naona wengi wangeanza na chapati au pilau kwa sababu zinavutia. Kosa. Chapati ina stadi nne kwa mpigo: kukanda, kupumzisha, kusukuma, kuhukumu joto la kikaango.

Aanze na yai la kuchemsha. Linamfundisha mchemko na taima: dakika 6 hadi 7 kiini laini, 10 hadi 12 kigumu. Kisha kukata kitunguu, vidole vimekunjwa kama makucha, kitambaa kibichi chini ya ubao usiteleze. Kisha kitunguu na nyanya, dalili ya kumaliza ni mafuta kujitenga pembezoni mwa rojo. Mwagia mayai mawili hapo, tayari ana mlo. Kisha mchicha. Kisha ugali, wali, maharage, mchuzi wa samaki, chapati. Pilau mwisho, maana pilau ni wali pamoja na kitunguu kilichofikishwa kahawia bila kuungua, na hicho kinataka dakika 15 hadi 20 za subira.

Kwenye ugali kaeni sana. Maji lita 1, unga wa sembe gramu 400 hadi 500, kutegemea unga na ugumu unaoupenda. Anayeanza humwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka, na madonge yanatokea kwa sababu: wanga unaanza kuvimba karibu na nyuzi 70, basi nje ya donge inaiva papo hapo na kufungia unga mkavu ndani. Maji hayaingii tena. Ndiyo maana tunatangulia na uji. Vijiko 4 hadi 5 vya unga vikorogwe kwenye maji baridi ya robo lita, vimiminwe kwenye robo tatu ya lita inayochemka huku unakoroga, uji uchemke dakika 3 hadi 5. Unga uliobaki unaingia kwa awamu tatu, kila awamu unasonga, unaubana ugali kwenye ukuta wa sufuria kwa bapa la mwiko, unaugeuza. Dalili ya kuiva: harufu ya unga mbichi imepotea, ugali unaachia ukuta wa sufuria, na ukifinya kipande hakinati kidoleni.

Hapo video ya kubana kwa bapa la mwiko ni lazima. Maneno hayatoshi.

KodiNaKitunguu

Niliahidi kurudi kwenye kurekebisha. Baada ya kula, programu iulize swali moja tu, kwa picha nne: wali wako umefanana na upi? Umechambuka, bokoboko, una kiini, au umeungua chini. Bokoboko, hasara ya mvuke ipunguzwe robo kikombe. Kiini, iongezwe robo, na ikumbushe asifunue mfuniko. Kuungua chini bila kiini, maji yasiguswe kabisa, hilo ni tatizo la moto. Mpishi akipika mara tatu au nne, namba imetulia kwenye sufuria yake.

Msaada nao upungue taratibu. Mara ya kwanza hatua zote 12. Mara ya tatu hatua zikusanywe ziwe 5. Mara ya tano orodha ya viungo na dalili tu, na kitufe cha "nikumbushe". Programu inayoendelea kumshika mkono hadi mara ya ishirini imemfundisha kusoma simu, haijamfundisha kupika.

JikoLaMkaa

Msisahau usalama uwe ndani ya hatua. Mafuta yakishika moto: zima jiko, funika kwa mfuniko, USIMWAGE MAJI. Ukisikia harufu ya gesi: usiwashe kiberiti wala swichi, funga mtungi, fungua madirisha. Skrini hizi mbili zifunguke kwa bonyezo moja kutoka hatua yoyote, bila intaneti. Kuku aive hadi nyuzi 74 katikati. Asiye na kipimajoto akate penye nyama nene karibu na mfupa, majimaji yatoke bila uwekundu. Wali uliobaki usilale mezani, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili.

DadaSkrini

Kwa wanaotaka kuipandisha Google Play: ada ya kufungua akaunti ni dola 25, mara moja. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 zinatakiwa kuwa na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kufungua kwa umma. Tumieni siku hizo kwa kazi ya kweli, msikusanye majina tu. Na mkikusanya taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi Tanzania tangu 1 Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019. Mkoa, jiko na namba ya kikombe vibaki ndani ya simu. Hamna sababu ya kuvipeleka kwenye seva.

Majaribio yafanyike jikoni, moto ukiwa umewaka. Mtu akikaa ofisini akabonyeza skrini atakuambia programu ni nzuri, na atakuwa anasema kweli kuhusu skrini. Mpe unga, sufuria na simu, kaa pembeni, usiseme neno. Andika kila anaposimama zaidi ya sekunde tano bila kujua la kufanya, na kila anapokutazama usoni badala ya kutazama simu. Kila mara alipokutazama, kuna hatua inakosa dalili.

UpawaWaTanga

Na mtazame mkono wake wa kulia pia. Akishika mwiko mwishoni kabisa mwa mpini wakati wa kusonga, video yenu imepigwa kwa mbali mno.